Klabu ya Kuogelea Haiandikishi Mtoto Peke Yake

Shule huku Marekani zimefunguliwa, na Septemba ndio mwezi ambao klabu nyingi za michezo ya watoto hupokea wanachama wapya. Mpira wa miguu tunaujua, mpira wa kikapu tunaujua, riadha usiseme. Leo nataka tuzungumzie mchezo ambao familia zetu zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo hazijauzoea, nao ni kuogelea kwa mpangilio. Ni ule mchezo wa watoto wanane majini, muziki unapigwa, wanazama kwa pamoja, miguu inachomoza kwa pamoja, wanainuana juu juu, kisha wanawatabasamia majaji na hali pumzi imewaishia. Tangu mwaka 2017 shirikisho la dunia linauita uogeleaji wa kisanii. Binti yetu anaucheza, na wazazi wa jamii yetu wananiuliza kila mara kama unafaa.

Jibu langu ni kwamba unafaa, na unafaa sana, ila mzazi ajue tangu mwanzo kuwa anayeandikishwa si mtoto peke yake. Kwenye mpira unaweza kumshusha mtoto uwanjani, ukapita dukani, ukarudi kumchukua. Huku hutaweza hivyo kwa muda mrefu. Klabu nyingi za mchezo huu Marekani ni vyama visivyotafuta faida, na wanaoviendesha ni wazazi. Kocha analipwa, bwawa linakodiwa kwa saa, lakini kazi zilizobaki ni za baba na mama. Nani atasimamia muziki siku ya mashindano? Nani atajumlisha alama, atawaandalia majaji chakula cha mchana, atashona vimetameta kwenye mavazi, atawapakia watoto wanne na mabegi yao hadi mji mwingine kabla jua halijachomoza? Klabu nyingi humpangia kila mzazi saa za kujitolea kwa msimu, na asiyezitimiza hutozwa pesa.

Wapo wanaosikia hayo wakarudi nyuma. Mimi hapo ndipo ninapoupendea mchezo huu. Familia iliyofika Marekani mwaka juzi haina shangazi wa kumwachia mtoto, haina jirani wa kuazima chumvi. Nawafikiria ndugu zetu wengi kutoka Kongo waliopelekwa kuanza maisha katika miji kama Buffalo na Louisville, watu waliokuwa na ukoo mzima, wakajikuta ndani ya nyumba moja na baridi nje. Ukikaa meza moja na mama mwenzio mkishona vazi la mtoto wake na la mtoto wako, baada ya msimu mmoja mnajuana. Na sisi kamati tunazijua, za harusi na za msiba. Kamati ya bwawa haitatushinda.

Lakini kabla ya kamati kuna maji yenyewe. Nyumba zetu nyingi zinaogopa maji, na hofu hiyo ina sababu zake. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, ipo meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza. Kwa Wazanzibari upo usiku wa Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba. Mamia walikufa katika kila ajali, na wapo wanaonisikiliza sasa hivi waliozika, au waliokosa hata wa kumzika. Huwezi kumcheka mtu kama huyo akikuambia mtoto wake hataingia bwawani.

Nilipompigia simu mama yangu kumweleza kuwa mjukuu wake ameingia klabu ya kuogelea, baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huko hakuna michezo ya nchi kavu?"

Nikamwambia, "Ipo, mama. Lakini huku kila akialikwa sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzake kuna bwawa. Bora afundishwe."

Akasema, "Basi jifunzeni wote. Akizidiwa huyo, nani kati yenu atamtoa?"

Swali la mama ndilo hasa lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Hapa Marekani, hakuna kinachoua watoto wengi zaidi wa mwaka mmoja hadi minne kuliko kuzama. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wakfu wa chama cha kuogelea cha Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Memphis ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo mno, na kwa watoto wa kizungu ilikuwa asilimia 40. Wakfu huohuo unasema kwamba mzazi asipojua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujua ni asilimia 19 tu. Kwa hiyo hofu ya mzazi haimkingi mtoto. Inamrithisha.

Na tusidhani pengo hilo la weusi na weupe lilitokea hivi hivi. Kwa miongo mingi mabwawa ya umma katika miji mingi ya Marekani yalikuwa ya wazungu peke yao. Tarehe 18 Juni 1964, katika mji wa St. Augustine, Florida, wanaharakati weusi na weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli ndogo iliyoitwa Monson Motor Lodge. Meneja alichukua asidi ya kusafishia akaimwaga majini wakiwa humo humo. Picha zake zilienea ulimwenguni, na siku iliyofuata Seneti ikapitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Wajukuu wa watu waliofungiwa mabwawa hayo ndio wanaosoma na watoto wetu leo. Tunapoona bwawani watoto weusi wawili watatu tu, tukumbuke milango ilifungwa na nani.

Wengine hawakukubali mlango ubaki umefungwa. Kule Harlem, New York, ipo timu ya kuogelea kwa mpangilio iitwayo Harlem Honeys and Bears, iliyoanzishwa mwaka 1979, na wachezaji wake ni wazee, wengi wao Wamarekani weusi. Bibi na babu wanashikana mikono majini, wanatengeneza duara, wanageuka pamoja. Nikiwa na mzazi anayeniambia yeye umri umempita, humweleza habari za wazee hao. Na mama wa Kiislamu akiniambia maji si mahali pa binti, humweleza habari za kaskazini ya Unguja, ambako wasichana wa Shule ya Msingi Kijini wamefundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa wenzao, wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Heshima yao haikupungua hata chembe.

Sasa, mtoto anafundishwa nini hasa? Kocha mzuri haanzi na muziki, anaanza na viganja. Mtoto analala chali juu ya maji, miguu imenyooka, vidole vya miguu vimechongoka, mikono iko ubavuni. Viganja vinakwenda ndani na nje, taratibu, bila kukatika, kama mtu anayesawazisha unga kwenye ungo. Mwendo huo mdogo ndio unaomshikilia. Ukikaa benchi huoni chochote kinachofanyika, unaona mtoto amelala tu. Halafu kocha anamwambia ainue mguu mmoja uelekee dari. Papo hapo kazi inabadilika, kwa kuwa mguu ukiwa ndani ya maji unabebwa na maji, na ukitoka nje unabebwa na mtoto. Kiuno kinaanza kuzama, viganja vinaharakisha, shingo inakaza, na uso hautakiwi kuonyesha lolote. Mtoto wa miaka 8 anaweza kulifanyia kazi jambo hilo moja majira yote ya baridi. Baadaye huja kuzungusha miguu kwa zamu chini ya maji ili kifua na mikono vikae juu, kwa maana katika mchezo huu kuitegemea sakafu ya bwawa kwa makusudi ni kosa, na alama hukatwa.

Nyumbani mazoezi yanaendelea bila maji. Kila wimbo huhesabiwa moja hadi nane, tena moja hadi nane, na watoto huurudia wakiwa wamesimama, mikono ikiigiza miguu. Utamkuta jikoni anangoja chai ichemke, mkono mmoja umekwenda juu, kichwa kimegeuka kushoto, midomo inahesabu. Mdogo wake naye anahesabu. Wiki chache baadaye utajisikia na wewe unahesabu ukiwa unakata vitunguu.

Watoto wadogo wana shindano jingine ambalo wageni hawalijui, na mimi nalithamini kuliko yale ya muziki. Kila mtoto anaingia peke yake, vazi jeusi lisilo na pambo, kofia nyeupe, hakuna wimbo. Mbele yake wamekaa majaji. Anatakiwa kufanya umbo aliloambiwa, kwa utulivu, kisha anatoka, na alama zinasomwa. Hapo hakuna wa kujificha nyuma yake. Mwenye tabia ya kulalamikia wenzake hujifunza, na mwenye haya hugundua kuwa ameweza. Mzazi aliye kwenye kiti naye ana mtihani wake, asipige kelele za maelekezo, na mtoto akitoka majini ampe taulo kwanza, habari za alama zingoje mpaka aanze mwenyewe.

Kuhusu alama, jifunzeni kuzisoma. Mwaka 2023 shirikisho la dunia, ambalo sasa linaitwa World Aquatics, lilibadilisha utaratibu. Katika mashindano makubwa, timu huandika kabla ya kuingia majini kila kitendo itakachofanya na ugumu wake. Waangalizi wakiona kitendo hakikufanywa kama kilivyoandikwa, ugumu wake huhesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa. Timu inaweza kupendeza machoni mwenu ikaishia mkiani. Mzazi asiyejua hayo hukimbilia kusema tumeonewa, na mtoto hubeba maneno hayo hadi mazoezini.

Nije kwenye jambo ambalo sitaki lisikilizwe nusu nusu, nalo ni pumzi. Juni 2022, kwenye mashindano ya dunia mjini Budapest, Anita Alvarez wa Marekani alimaliza onyesho lake la peke yake akapoteza fahamu na kuanza kuzama kuelekea chini ya bwawa. Kocha wake, Andrea Fuentes, aliruka na nguo zake, akamfuata hadi chini akamtoa. Alvarez alipona, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alikuwa katika timu iliyoshinda medali ya fedha, medali ya kwanza ya Marekani katika mchezo huu tangu 2004. Yeye ni mtoto wa eneo la Buffalo, na mama yake pia alicheza mchezo huu na kuufundisha. Huyo ni bingwa, mwenye kocha wa kumtazama kila sekunde. Mtoto wako anayeshindana na kaka yake nani atakaa chini zaidi kwenye bwawa la jirani hana kocha hapo. Kuvuta pumzi nyingi haraka haraka kisha kuzama kunaweza kumzimisha mtu bila dalili, hata kama anajua kuogelea vizuri. Nyumbani kwetu ni marufuku kushindana pumzi, bwawani na hata kwenye beseni la kuogea, na hakuna mjadala.

Halafu kuna nywele, na akina mama najua mmesubiri hapa. Siku ya mashindano kofia haivaliwi kwenye maonyesho ya muziki. Nywele hufungwa fundo, zikapakwa jelatini. Unachukua unga wa jelatini usio na ladha, unaukoroga na maji ya moto hadi uwe mzito, unaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kuanzia ukingo wa paji la uso kwenda nyuma. Ukikauka unakuwa mgumu na unang'aa, na maji ya bwawa hayautoi. Unatoka kwa maji ya moto tu, tena kwa subira. Kwa nywele zetu, zilizosukwa twende kilioni zikakusanywa nyuma hushika vizuri na hazimuumizi mtoto. Rasta ndefu sizishauri, hunywa maji, zikawa nzito, shingo ikachoka. Kabla ya mazoezi lowesha nywele kwa maji safi na mafuta kidogo, ili klorini isipate nafasi kubwa. Kwa mazoezi zipo kofia pana zilizotengenezwa kwa nywele nyingi. Kampuni ya Soul Cap ilikataliwa kofia zake kabla ya Olimpiki ya Tokyo, zikaja kuruhusiwa Septemba 2022 kwa waogeleaji wa mbio, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba nywele za mwanao ndizo tatizo.

Kwa familia za Kiislamu, jelatini nyingi madukani hutokana na ngozi au mifupa ya nguruwe, nyingine ya ng'ombe. Ulizia iliyo halali, ipo, uipeleke mwenyewe siku ya mashindano, maana mara nyingi mama mmoja huwapaka watoto wote kutoka bakuli moja. Suala la vazi nalo ulizungumze na kocha kabla ya kulipa, mtoto akiwa hapo anasikia, asije akavutwa huku na huku katikati ya msimu.

Wenye watoto wa kiume msizime redio. Bill May wa Marekani aliingia mchezo huu akiwa na miaka 10 hivi, kwa sababu dada yake alikuwa anajifunza na yeye hakutaka kukaa benchi akimngoja. Mwaka 2015, mashindano ya dunia ya Kazan, Urusi, yalipofungua milango kwa jozi ya mwanamke na mwanamume, May na Christina Jones walichukua dhahabu. Olimpiki ilikuja kuruhusu wanaume katika timu kwa mara ya kwanza huko Paris, ingawa hakuna aliyeteuliwa. Kama dada anakwenda bwawani mara kadhaa kwa juma na kaka anakaa benchi na simu, kwa nini asiingie?

Pesa nisizifiche. Klabu za kushindana hudai mamia ya dola kwa mwezi, na juu yake kuna mavazi, safari na hoteli. Madarasa ya burudani ya manispaa ni nafuu zaidi, na mtoto wa mwaka wa kwanza hahitaji zaidi ya hapo. Omba uandikiwe gharama za msimu mzima, si ada ya mwezi peke yake, na uliza kama kuna msaada kwa familia zenye kipato kidogo. Kuuliza si aibu. Zipo klabu zinazotenga fungu la msaada huo, na huweza kubaki bila kuombwa kwa kuwa wenye kulihitaji wananyamaza.

Na usalama wa mtoto mbele ya watu wazima uko juu ya medali zote. Tangu mwaka 2017 Marekani ina kituo cha kitaifa kiitwacho U.S. Center for SafeSport kinachosimamia jambo hilo katika michezo ya Olimpiki. Kanuni zake zinataka mtu mzima asijifungie na mtoto mahali ambapo wengine hawawezi kuona na kuingilia kati, na ujumbe wa kocha kwa mtoto umhusishe mzazi au mtu mzima mwingine. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, na heshima hiyo tuendelee nayo. Lakini kocha akimzuia mzazi kuangalia mazoezi, au akianza kumsema msichana wa miaka 12 kuhusu tumbo lake na mapaja yake, mtoe mtoto wako siku hiyohiyo. Mwili unaokua unahitaji ugali, maharage, samaki na usingizi. Mtoto asiyekula ndiye anayeishiwa nguvu majini.

Mkiamua kwenda kuangalia klabu, nendeni siku ya mazoezi ya kawaida, msingoje siku ya onyesho. Kaeni benchi muda wote. Sikilizeni kocha anavyosema na mtoto aliyekosea, na mtazame wale wa akiba wanafanya nini wenzao wakiwa majini. Ongeeni na wazazi waliokaa hapo, hasa waliomaliza misimu miwili mitatu, muwaulize wanaagizwa kazi gani na wanarudi nyumbani saa ngapi. Mabwawa mengi ya manispaa na ya YMCA yana pia darasa la watu wazima wasiojua kuogelea kabisa, linaloanzia mahali pa kina kifupi, na mengine yana saa za wanawake peke yao. Mkifika mapokezi kuchukua fomu ya mtoto, chukueni na hiyo ya baba na ya mama. Maswali yenu nitayapokea wiki ijayo, saa kama hii.